Wenye nyumba nchi za nje, nisaidieni kabla ya Ijumaa

#1 Zumaridi

Wakuu salaam.

Mimi na kaka yangu tumechanga kwa miaka sita, sasa tunataka kununua nyumba ndogo ya ghorofani huko Uhispania, pwani ya Almería. Vyumba viwili na baraza, bahari unaiona ukichungulia kwa pembeni. Bei yuro 118,000. Hatuishi Uhispania na hatuna mpango wa kuhamia. Tunataka kuipangisha kwa watalii, siku mbili tatu wanaondoka wanakuja wengine, na sisi wenyewe tukapumzike miezi minne kila kiangazi.

Dalali ni mchangamfu mno, anajibu ujumbe hata saa sita usiku. Anasema kuna mteja mwingine anaitolea macho, kwa hiyo tutume yuro 6,000 kabla ya Ijumaa aiondoe sokoni. Mwanasheria wanaye wao wenyewe, hatutamlipa zaidi. Na eti ukishakuwa na nyumba kule, viza si tatizo tena.

Naomba aliyepitia aniambie. Aliyesimuliwa na rafiki wa rafiki, nakuheshimu ila pita kimya kimya.

#2 Chura Kiziwi

Nimeweka kiti. Endeleeni.

#3 Karani Mstaafu

Dada Zumaridi, usitume kitu Ijumaa. Nyumba siyo samaki, haiozi. Nimekaa miaka mingi kwenye ofisi ya sheria nikipokea makabrasha ya watu walionunua nje, na wengi waliokuja wakilia walikuwa wameharakishwa na mtu mchangamfu.

Shukuru kwanza kwamba umechagua nchi inayomwachia mgeni anunue karibu sawa na mwenyeji. Kanada imewapiga marufuku wageni wasio na ukaazi wa kudumu tangu 1 Januari 2023, na marufuku hiyo imesogezwa hadi mwanzo wa 2027. New Zealand ilifunga mlango 2018. Australia imezuia wageni kununua nyumba zilizokwisha kujengwa kuanzia 1 Aprili 2025, kwa miaka miwili. Singapore haijafunga mlango ila imeweka ushuru mlangoni: tangu Aprili 2023 mgeni anaongezewa asilimia 60 ya bei. Umesoma vizuri, sitini.

Halafu kuna nchi zinazokuuzia nusu nusu. Thailand unaweza kumiliki nyumba ya ghorofani mradi wageni wote wa jengo hilo wasizidi asilimia 49 ya eneo la nyumba zake, lakini ardhi huipati. Mexico, ndani ya kilomita 50 kutoka baharini au 100 kutoka mpakani, hati inashikwa na benki kwa niaba yako kwa miaka 50, kisha unaomba tena. Kenya Katiba ya 2010 inampa asiye raia umiliki wa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimenunua kiwanja" nchi fulani, muulize kwanza: umenunua nini hasa, na jina lililoandikwa kwenye hati ni la nani?

Sasa la kwako. Mwanasheria wa dalali ni wa dalali. Dalali analipwa nyumba ikiuzwa, asipouza halipwi. Mwanasheria anayekula sahani moja naye hana sababu ya kukwambia usinunue. Na usije ukadhani notari atakulinda. Kule notari anathibitisha kwamba waliosaini ndio wenyewe na hati imekaa kisheria. Kuchimba madeni na vibali kwa niaba yako si kazi yake. Tafuta wakili wako, uthibitishe namba yake kwenye chama cha mawakili cha mkoa. Wengi hutoza karibu asilimia 1 ya bei, na kodi juu.

Leo hii, kabla ya yuro 6,000, toa yuro kama 10. Omba "nota simple" ya nyumba hiyo kutoka ofisi ya usajili wa mali. Ni karatasi moja au mbili, inapatikana mtandaoni. Ina jina la mmiliki, ukubwa wa nyumba, na sehemu inayoitwa "cargas", yaani mizigo. Hapo ndipo rehani na zuio za mahakama hulala.

#4 Zumaridi

Asante mkuu. Nimemwomba dalali hiyo nota simple, kasema ipo, atanitumia "baadaye kidogo". Naiagiza mwenyewe.

Lakini hiyo 6,000 si inarudi tukighairi? Kaniambia ni ya kuonyesha nia tu. Kishika uchumba.

#5 Karani Mstaafu

Na kishika uchumba huwa hakirudi, unajua.

Kurudi au kutorudi kunategemea kilichoandikwa. Hatua inayofuata itaitwa "arras", yaani malipo ya awali ya kufunga mkataba, kwa kawaida asilimia 10 ya bei. Kifungu cha 1454 cha sheria yao ya madai kinasema: mnunuzi akighairi anaipoteza, muuzaji akighairi anairudisha mara mbili. Inasikika kama haki tupu. Ila ukighairi kwa sababu umekuta nyumba ina deni, na mkataba wako haukusema kwamba deni ni sababu ya kurudishiwa, wewe ndiye uliyeghairi. Hiyo sentensi moja wakili wako aiandike kabla hujatuma hata senti.

#6 Bwana Mipango

Mnamtisha dada wa watu. Mimi nimenunua Dubai 2019, sikai Dubai, sijawahi kujuta. Wageni wanaruhusiwa kumiliki moja kwa moja kwenye maeneo yaliyotengwa, sheria namba 7 ya 2006 iko wazi. Nililipa asilimia 4 ya bei kwa idara ya ardhi, nikatoka na hati siku hiyo hiyo. Kodi ya pango inaingia yote, serikali haigusi. Dirhamu imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 tangu 1997, kwa hiyo sikeshi nikitazama viwango vya fedha. Huko Ulaya mnalipishwa kodi hadi ya kupumua.

#7 Mke wa Nahodha

Bwana Mipango, wewe ulinunua jengo lililosimama. Wengine tulinunua picha.

Mimi pia nilikuwa Dubai, jengo la kwenye ramani, malipo kwa awamu. Nilipotaka kutuma awamu ya kwanza nilikwenda benki na karatasi ya dalali mkononi. Najaza fomu, nafika kwenye jina la mpokeaji. Mkataba una jina la mjenzi. Fomu ya dalali ina jina la kampuni ya dalali. Yule binti wa kaunta akaweka kidole pale, akaniuliza: "Mama, huyu ndiye anayekuuzia?" Nikasema ni wakala wake. Akaniangalia tu, hakusema lingine.

Nikarudi nyumbani kusoma. Sheria namba 8 ya 2007 ya hapo hapo Dubai inataka pesa za wanunuzi wa majengo yasiyokwisha ziingie kwenye akaunti maalumu ya mradi huo, inayosimamiwa, mjenzi anachota kadiri kazi inavyosonga. Nikamwandikia dalali: nipe namba ya akaunti ya mradi. Mtu aliyekuwa ananitakia asubuhi njema kila siku akanyamaza mpaka leo.

Sheria ilikuwa nzuri. Pesa yangu ndiyo iliyotaka kupita mlango mwingine.

#8 Bwana Mipango

Hilo la akaunti ya mradi nakubali, pole dada. Lakini hilo ni kosa la dalali, si la nchi.

#9 Jicho la Bundi

Mipango, hujataja ada ya huduma ya jengo. Lifti, ulinzi, bwawa, viyoyozi vya korido. Inatozwa kwa futi za mraba kila mwaka, mpangaji awepo asiwepo. Ikatoe kwenye hiyo kodi "inayoingia yote", halafu urudi.

Zumaridi, nina habari mbili mbaya kwako.

Ya kwanza, miezi minne ya kiangazi haipo. Nyumba haikupi ruhusa ya kukaa. Mwenye viza ya matembezi ya Schengen, ule ukanda wa nchi za Ulaya zenye viza moja, anahesabiwa siku 90 ndani ya kila siku 180, awe na nyumba au alale hotelini. Uhispania ilikuwa na ukaazi wa kununua mali, kuanzia yuro 500,000, ikaufuta 3 Aprili 2025. Ureno iliondoa nyumba kwenye mpango wake Oktoba 2023. Ugiriki bado ipo, ila 2024 ilipandisha kima hadi yuro 800,000 kwa maeneo yenye msongamano na 400,000 kwingineko, ukiacha vighairi vichache. Dalali anayesema viza si tatizo ana jibu la miaka ya nyuma, tena kwa bei ambayo si ya nyumba yako.

Ya pili ni hiyo biashara ya watalii. Tangu 3 Aprili 2025 huwezi kuanza kupangisha kwa watalii ndani ya jengo la ghorofa mpaka wamiliki wenzako wakubali kwa kura ya tatu ya tano, yaani watatu kati ya kila watano. Na tangu 1 Julai 2025 nyumba inayotangazwa mitandaoni kwa muda mfupi lazima iwe na namba ya usajili. Kwa hiyo swali la kwanza kwa dalali siyo bahari inaonekana wapi. Ni: jumuiya ya jengo imeshasemaje? Omba kumbukumbu za mikutano ya wamiliki. Zinachosha kusoma, lakini humo ndimo utakapokuta wazee wa ghorofa ya tatu wanalalamika kuhusu mabegi ya magurudumu saa nane usiku, na hapo utajua kura yako itakwendaje.

#10 Zumaridi

Hapo kwenye tatu ya tano nimekaa chini kabisa. Hesabu yetu yote ilikuwa ya watalii.

Tukiipangisha kwa mwaka mzima kwa familia, kodi ya serikali inakuwaje?

#11 Jicho la Bundi

Kwa anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya sheria imeandika asilimia 24 ya pango unalopokea, bila kutoa gharama. Umepaka rangi, umebadilisha boila, ni juu yako. Mkazi wa Umoja wa Ulaya analipa 19 na anatoa gharama. Na usiseme "basi nitaiacha tupu nisilipe": ikikaa tupu wanakadiria pato la kufikirika, asilimia 1.1 au 2 ya thamani iliyo kwenye daftari la serikali, halafu wanakutoza 24 juu ya hapo. Hainishangazi tena, lakini siku ya kwanza niliisoma mara tatu.

Siku ya kuuza, mnunuzi wako anakata asilimia 3 ya bei na kuipeleka ofisi ya kodi moja kwa moja, kwa sababu wewe huko mbali hawakuamini. Ukionekana umelipa zaidi, unadai urudishiwe. Marekani ni hivyo hivyo, ila kule kwa mgeni ni asilimia 15 ya bei yote. Ya bei, siyo ya faida. Unaweza kuuza kwa hasara na bado ukakatwa, ukangoja marejesho.

Gharama za kuingia, Andalucía (Almería iko humo) kodi ya uhamisho wa nyumba iliyotumika ni asilimia 7, kwako yuro 8,260. Weka notari, usajili, wakili, tafsiri. Ukiwa na 118,000 mkononi huna bei ya nyumba ya 118,000. Andaa kama asilimia 10 hadi 12 juu.

#12 Tumbili wa Pili

Mimi sikununua. Nilirithi, na naona hakuna aliyegusa hapo.

Mzee wangu alikuwa na nyumba moja Florida, thamani yake dola 210,000. Hakuwa raia wala mkazi wa Marekani, alikuwa anakwenda majira ya baridi na kurudi. Alipofariki tukadhani kazi ni kubadilisha jina. Kumbe raia au mkazi wa Marekani akifa, mirathi yake inasamehewa kodi mpaka mamilioni ya dola. Mgeni anayemiliki nyumba kwa jina lake anasamehewa dola 60,000 tu za mali iliyoko kule. Kiwango kinapanda mpaka asilimia 40. Sisi, baada ya kutoa gharama zilizokubalika, tulilipa zaidi ya dola 40,000, na fomu inatakiwa ndani ya miezi tisa, wakati bado mnagombania nani ashike simu ya marehemu.

Tukapata mnunuzi. Mnunuzi akasema hatoi pesa mpaka aone barua ya mamlaka ya kodi. Barua ilichukua muda mrefu kuliko mnunuzi alivyovumilia, akaondoka.

Mzee hakuwa mjinga. Alisoma kila kitu cha kununua. Ukurasa wa kufa hakuufungua, na nani anaufungua siku anayokabidhiwa funguo?

#13 Karani Mstaafu

Pole sana kaka. Uzi huu ungeanza na hilo.

Zumaridi, ninyi mko wawili kwa hati moja, kwa hiyo muulizeni wakili mapema: mmoja akifa sehemu yake inakwenda wapi? Ufaransa, mathalani, sheria inawatengea watoto fungu ambalo wosia haulivunji hovyo. Uhispania pia ina fungu la watoto, ila kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 650 ya 2012, inayotumika tangu Agosti 2015, inamruhusu mtu kuandika kwenye wosia kwamba mirathi yake ifuate sheria ya nchi ya uraia wake. Usipoandika, hawabahatishi, wanafuata zaidi mahali ulipokuwa unaishi.

Na pesa za kaka zitoke kwenye akaunti ya kaka. Notari anaandika kwenye hati pesa zimetoka wapi na kwa njia gani. Hela ikipitia kwa shemeji "kwa sababu benki yake ina kiwango kizuri", utakuja kuulizwa shemeji ni nani. Thailand ni kali zaidi, huandikishi nyumba bila karatasi ya benki inayoonyesha fedha za kigeni ziliingia kwa ajili hiyo. Karatasi ya kuingiza pesa itunze kama cheti cha kuzaliwa.

#14 Mke wa Nahodha

Naongeza la majina. Fomu za Uhispania zina nafasi ya jina na za majina ya koo mbili. Mwenye majina matatu kwenye pasipoti hujikuta karani kachukua mawili ya mwisho kama koo. Mimi niliponunua huko, namba ya utambulisho ilisoma hivi, hati ya uwakilishi ikasoma vile, benki ikazuia hundi asubuhi ya kusaini. Kabla ya kugonga muhuri wowote, panga karatasi zote mezani na usome jina lako herufi kwa herufi.

#15 Chura Kiziwi

Bado nipo. Swali dogo: kuna nyumba za bei ya kutupa Kaskazini mwa Kupro, ufukweni kabisa. Kuna ubaya?

#16 Karani Mstaafu

Upo. Sehemu kubwa ya ardhi kule ni ya watu waliokimbia uvamizi wa Uturuki wa 1974, na hati zao bado zinatambuliwa nje. Tafuta kesi ya Apostolides dhidi ya Orams. Wenzi kutoka Uingereza walijenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu aliyekimbia. Mahakama ya Nicosia iliamuru 2004 nyumba ibomolewe na walipe fidia. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema 2009 hukumu hiyo inatekelezeka nchi nyingine za Umoja, na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikakubali 2010. Kwa maneno mengine walifuatwa hadi kwenye mali yao ya nyumbani.

#17 Chura Kiziwi

Nimerudi kwenye kiti changu.

#18 Bwana Mipango

Mimi nasimama palepale kwamba watu wananunua na wanafaidi. Ila naongeza moja kutoka kwa jirani yangu aliyenunua Uturuki. Mwanzo wa 2018 dola moja ilikuwa chini ya lira 4. Mwisho wa 2024 ilipita 35. Yeye anapokea pango kwa lira. Kila mwaka anaongeza pango, na sheria kule imewahi kuweka kikomo cha kuongeza. Nyumba kwa lira imepanda, pango kwa dola anashindwa hata kulisimulia. Kwa hiyo dada, angalia utapokea pesa gani na utatumia pesa gani.

#19 Zumaridi

Nimerudi. Nota simple imeingia barua pepe leo, kurasa mbili, yuro kumi na ushee.

Mmiliki ni yule yule, hilo sawa. Kwenye mizigo kuna rehani ya benki ya 2007 na zuio la halmashauri la 2021, nadhani ni kodi ya mwaka ya nyumba haikulipwa. Tangazo la dalali linasema mita za mraba 81. Karatasi inasema 64.

Nilimpigia dalali. Akacheka, akasema 17 zilizobaki ni baraza, mwenye nyumba aliliziba kwa vioo "kama kila mtu". Nikamuuliza kibali cha kuziba kiko wapi. Akasema ataniuliza.

#20 Jicho la Bundi

Ataku-uliza wewe? Haya.

Rehani yenyewe isikutishe sana, nyumba nyingi zinauzwa nayo. Siku ya kusaini mwakilishi wa benki anakuja kwa notari, wewe unatoa hundi mbili za benki, moja ya kufuta deni na moja ya mwenye nyumba. Zuio la halmashauri lifutwe kabla, na uone risiti. Omba pia cheti cha jumuiya ya jengo kwamba hadaiwi, kwa maana madeni ya jumuiya ya mwaka huo na mitatu ya nyuma yanahamia kwenye nyumba, kwa hiyo kwako.

Baraza ndilo la kukaza nalo. Unalipia mita 81 na unaandikishiwa 64. Siku halmashauri au jirani akidai vioo vitolewe, gharama ni yako.

#21 Zumaridi

Nimepata wakili, hana undugu na dalali, namba yake nimeihakiki. Kaandika barua moja: bei ishuke hadi thamani ya mita 64, zuio lifutwe kwanza, na mkataba wa arras useme pesa inarudi ikionekana deni lingine au baraza lina amri ya kubomolewa. Ya watalii tumeyaacha. Kaka amepiga hesabu ya mpangaji wa mwaka mzima na hiyo 24, inabaki kidogo lakini inabaki. Kiangazi tutalala hotelini kama wengine.

Ijumaa imepita. Yule mteja mwingine aliyekuwa anaitolea macho, sijui kaishia wapi. Dalali kapiga jana jioni, akauliza hali ya nyumbani, akasema mwenye nyumba amesoma barua na angependa tuongee kuhusu bei. Hakutaja siku.